Mkwe Aliyeacha Kukwepa

Kwa miaka kumi na tisa Naliaka na mkwewe Shitanda hawakuwahi kusalimiana, na katika mtaa mzima wa Shieywe hakukuwa na watu wawili waliopatana kuwashinda.

Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikaribiana njiani mmoja wao hutafuta pa kupotelea. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo ina kazi kubwa kuliko ugomvi wowote. Adui yako unaweza kumsahau wiki nzima ukaendelea na maisha. Mkwe, hapana. Lazima ujue ametoka saa ngapi na anarudi kwa njia gani, ndipo uweze kutokuwepo.

Kijijini jambo hili halisumbui, kwa sababu mkwe hukaa ng'ambo ya mto. Kasheshe ilianza Naliaka alipofiwa na mumewe Patroba, na mwanawe Titus akamtoa Malava akamleta mjini. Nyumba aliyoipanga Titus, kumbe, ilikuwa geti la tatu kutoka kwa dada yake Milcah, na Milcah ndiye mke wa Shitanda. Titus hakufikiria. Titus hufikiria baadaye. Wakwe wawili wakajikuta wanatumia kichochoro kimoja chembamba, upande huu mageti na ua wa michongoma, upande ule mtaro wa maji na nyasi za nepia za watu za kulisha ng'ombe.

Wakatengeneza utaratibu bila kuambiana neno. Shitanda akifika kona ya mashine ya kusaga unga, anakohoa mara mbili. Naliaka akisikia, anarudi ndani ya geti na kufunga. Naliaka naye akitoka na sinia lake la njugu za kuuza, anaimba pambio kwa sauti ya chini, na Shitanda akisikia anageuka, au kama amechelewa anaruka mtaro. Aliwahi kuuruka akiwa na suti, siku ya harusi ya Titus mwenyewe, mvua ikinyesha, akachutama ndani ya nepia mpaka Naliaka apite. Naliaka hakumtazama, maana haitazamwi, lakini alimwona. Jioni hiyo alimshukuru Mungu kwamba binti yake ameolewa na mtu.

Mwezi wa tano kirusi cha mafua kikapita Shieywe, nyumba kwa nyumba kama mhesabu watu. Wengi walilala siku nne wakaamka. Shitanda alikohoa wiki tatu. Sasa hebu fikiria: kikohozi ndiyo kengele, na kengele inalia asubuhi, mchana na jioni. Naliaka alifungiwa ndani wiki tatu. Akijaribu kutoka na sinia, kho kho, anarudi. Njugu zikaota ukungu. Hakulalamika hata kidogo; alimtuma Cindy, mjukuu wake kwa Milcah, ampelekee baba yake tangawizi na asiseme imetoka wapi.

Kikohozi kikaisha na Naliaka akafungua geti. Lakini masikio yake yalikuwa yamezoea hatua za mkwewe kwa miaka, na hatua hizi zilikuwa za mtu mwingine. Ziliburuta. Zilisimama kwenye kona bila sababu. Shitanda alikuwa mwongoza wageni kule msituni Isecheno, mtu wa kutembea na Wazungu kutoka alfajiri mpaka adhuhuri akiwaonyesha ndege, na sasa kutoka nyumbani hadi kwenye lami alipumzika mara mbili. Kwapani alibeba chupa ya maji ya lita mbili, na akirudi ilikuwa tupu. Mlango wa choo cha ploti yao hulia kama mbuzi aliyekanyagwa, na Jumapili moja Naliaka aliusikia ukilia mara kumi na moja kabla ya ibada.

Jumanne iliyofuata alitoka getini akiimba pambio lake, mashine ya kusaga ikinguruma juu ya sauti yake. Shitanda alikuwa anakuja asubuhi hiyo kwenda kazini, kichwa juu, macho mbele. Hakukohoa, hakugeuka, hakuruka. Alimgonga Naliaka bega kwa kifua, sinia likaenda juu, njugu zikamwagika kichochoro kizima, kilemba kikaanguka, na mkwe akamtazama mama mkwe wake usoni, nywele zake za mvi zikiwa wazi.

“Samahani mama, sikukuona,” alisema.

Kumgonga ni msiba, na kumsemesha ni msiba wa pili. Naliaka alijifunika uso kwa aproni akarudi kinyumenyume hadi getini. Majirani watatu waliona. Wawili wangetosha.

Kama hiyo haikutosha, Ijumaa jioni Shitanda alimgonga tena akirudi.

Basi Makhanu akaitwa kutoka Malava. Makhanu ni ndugu ya marehemu Patroba, mtu ambaye hajawahi kukosa kikao hata kimoja, hata visivyomhusu. Alikuja na wazee wawili, wakakaa sebuleni kwa Titus na mshtakiwa mbele yao, na Naliaka akakaa jikoni nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, akichambua mboga. Makhanu alieleza kwamba tangu Shitanda apewe sare mpya na cheo cha kiongozi wa waongoza wageni, amevimba kichwa. Shitanda akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba hakumwona mama. Makhanu akauliza inakuwaje mtu anayelipwa kuona ndege ndani ya majani ashindwe kumwona mama mzima mwenye sinia. Sebule ikacheka. Hukumu ikawa kondoo mmoja, na maneno mengi kuhusu siku hizi.

Nyuma ya pazia Naliaka alikuwa amekasirika mpaka mboga zikakatika vibaya. Hakumkasirikia Shitanda. Mtu aliyeingia mtaroni na suti, mvua ikinyesha, hawezi kuamka siku moja adabu zimemwisha. Adabu haiishi kama mafuta ya taa. Na kichwa kilivimba kweli, lakini hilo Makhanu hakulijua, na Naliaka pia bado hakulijua.

Kitu kingine kilimuuma. Patroba, mumewe, aliumwa kichwa mwaka mzima kabla ya kuanguka shambani. Naliaka alikula naye obusuma, ugali wa kwao, kila jioni, meza moja, uso kwa uso, na hakuona kitu. Mtu unayemtazama kila siku humwoni. Lakini huyu mkwe, ambaye hakuruhusiwa kumtazama, alimjua mpaka jinsi anavyovuta pumzi akikaribia kona. Akasema moyoni kwamba hatamzika wa pili kwa uzembe.

Asubuhi iliyofuata alivaa kitenge cha manjano, kile kinachoonekana kutoka mbali kule Mukumu, akasimama kwenye uwazi wa geti, kimya, bila pambio. Shitanda akaja. Akapita. Kati yao palikuwa na urefu wa mkono mmoja, na jicho lake la kulia halikupepesa. Alipokwisha kupita, Naliaka akaangusha kifuniko cha sufuria. Shitanda akageuza kichwa chote, akamwona, akashtuka, akaruka mtaro. Jioni akirudi, geti likiwa sasa kushoto kwake, ikawa vilevile: kitenge hakukiona, kifuniko alikisikia, mtaro akauruka. Masikio yalikuwa mazima. Heshima ilikuwa nzima. Pembeni ndiko kulikokufa, huku na huku.

Akamwita Milcah akamweleza kwamba Baba Cindy anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Milcah aliuliza, si kwa upole sana, “Mama, kwani wewe unamchunguzanga bwana yangu kwa nini?” Naliaka akamjibu kwamba asingemchunguza angewezaje kumheshimu. Milcah akakumbuka mambo. Wageni kule Isecheno walikuwa wameanza kumwonyesha Shitanda ndege, badala ya yeye kuwaonyesha wao, na mmoja ameandika malalamiko. Msimamizi wake amesema mwongoza wageni asiyeona ni mgeni. Wakiipoteza kazi hiyo, Cindy wa kidato cha tatu atarudi nyumbani kwa kukosa karo.

Wakaenda kwenye duka la miwani mjini. Shitanda akaonyeshwa ubao wa herufi, akazisoma zote, mpaka zile ndogo za chini ambazo mpimaji mwenyewe alizisoma kwa kukisia. Akapongezwa. Akauziwa miwani ya jua. Siku mbili baadaye, akiwa amevaa miwani hiyo na kondoo wa Makhanu bado hajanunuliwa, aliingia kichochoroni saa mbili asubuhi, akafika mbele ya geti la Naliaka, chupa ikamponyoka, akaanguka.

Naliaka alikuwa kwenye uwazi wa geti na kitenge cha manjano. Alitazama juu ya kichochoro, hakuna mtu. Akatazama chini, hakuna mtu. Siku zote mtaa huu una watu wa kuona usichotaka waone, na leo wote wamekwenda kazini. Shitanda alikuwa ametapika, uso umekuwa rangi ya majivu, mkono baridi. Naliaka alijua baridi yake kwa sababu tayari alikuwa ameushika. Hakukumbuka kuamua. Alipiga magoti matopeni, akakiweka kichwa cha mkwewe kwenye mapaja yake, na akamwambia maneno ya kwanza katika miaka kumi na tisa.

“Baba Cindy, usife hapa. Watu watasema ni mimi.”

Shitanda akafumbua macho, akaona ni nani, akajaribu kuondoka. Hilo ndilo lililomliza Naliaka. Mtu anakufa na bado anatafuta mtaro.

Alipiga ukelele mmoja tu, wa kazi, ukamfikia mwendesha boda boda kwenye kona ya mashine ya kusaga. Mgonjwa hangeweza kukaa peke yake. Basi Shieywe ikashuhudia, na baadaye ikasimulia, mama mkwe wa miaka sitini na nane amepanda boda boda nyuma ya mkwewe, amemkumbatia kwa mikono miwili, kidevu chake begani kwake, wakipita mbele ya kanisa, soko na kituo cha mafuta. Naliaka alifumba macho njia nzima. Aliona hiyo ndiyo heshima iliyobaki.

Hospitalini walikuta presha imeshuka na sukari imeshuka, wakamtundikia dripu. Daktari alikuwa mama kijana, Chepng'etich, mwenye kuuliza maswali mafupi. Alimuuliza Naliaka mgonjwa ameanza lini kuumwa. Naliaka alijibu akiwa ameuelekea ukuta, maana Shitanda alikuwa kitandani pale, na daktari kwanza akadhani ana tatizo la shingo. Akiwa ameukazia macho ule ukuta alitaja kila kitu: kikohozi wiki tatu tangu mwezi wa tano, hatua zilianza kuburuta lini, chupa ya lita mbili, mlango wa choo mara kumi na moja, macho ya pembeni kulia na kushoto, kifuniko cha sufuria. Daktari aliandika ukurasa, akaugeuza, akaendelea kuandika.

“Wewe ni mke wake?”

“Mungu apishe mbali. Mimi ni mama mkwe.”

“Mnaishi pamoja?”

“Hatujawahi hata kusalimiana.”

Chepng'etich aliinua kalamu, akaitazama ile migongo miwili, maana Shitanda naye alikuwa amejigeuza na dripu yake kuelekea dirisha. Akasema hajawahi kupewa maelezo mazuri hivyo na mke wa mtu. Milcah, aliyekuwa anaingia mlangoni mbio mbio, alisikia hilo, na ilimchukua siku kadhaa kulisamehe.

Daktari alimwonyesha Shitanda vidole pembeni, hakuviona, na siku hiyo hiyo akamchoma sindano ya kuurudishia mwili nguvu kabla hata ya picha, kwa sababu alikuwa ameshajua anachotafuta. Picha ya kichwa ilipigwa Eldoret. Iliporudi, Chepng'etich aliwaeleza familia nzima, Naliaka akisikiliza kutoka korido. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo, ukubwa wa njugu moja. Ndiyo inayoamuru mwili upate nguvu, maji yakae mwilini, presha isimame. Kirusi kilipokuja, kinga ya mwili ikatoka kupigana nacho. Kirusi kikaisha. Kinga haikurudi nyumbani, ikaivamia tezi yenyewe. Ni ugonjwa adimu sana, alisema, wengine wanamaliza udaktari bila kuuona. Tezi imevimba, na juu yake ndipo mishipa ya macho inapopishana, kwa hiyo imeibana, na kinachopotea kwanza ni kuona pembeni.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema Titus, akafurahi kuwa na la kusema.

Naliaka kule korido alielewa kwa njia yake. Kinga ilikuwa kama Makhanu: ukimwita akate kesi moja, haondoki mpaka apate nyingine. Kisha akauliza kupitia Milcah swali pekee alilokuwa nalo. Macho yatarudi?

Daktari hakumdanganya mtu. Alisema kuna vidonge ambavyo Shitanda atameza maisha yake yote, asikose hata siku moja, na kuna vingine vya kushusha uvimbe. Mishipa ikiwa bado hai, macho yatarudi kidogo kidogo. Ikiwa imebanwa muda mrefu mno, hayatarudi. Wangojee. Kule Isecheno walimpa Shitanda likizo ya miezi mitatu, na baada ya hapo wangempa mtu mwingine sare.

Makhanu alirudi, bila shaka. Safari hii kesi ilikuwa nzito, kwa sababu mila inajua la kumfanya mkwe anayemgusa mama mkwe, lakini haijui la kumfanya mama mkwe anayemkumbatia mkwe kwenye boda boda mbele ya kanisa. Wazee walikaa kutwa. Waliuliza kama walikuwa na mizigo. Waliuliza kama aliyekuwa mbele alikuwa na fahamu. Mwishoni, Makhanu akasafisha koo akatoa neno la busara, na lazima tumpe haki yake, lilikuwa la busara kweli: Shitanda amletee mama blanketi, mama ampe kuku, na mwiko uondolewe kabisa. Kuanzia hapo wasalimiane kama watu, wanywe chai meza moja. Mila yenyewe inaruhusu, alisema, wakwe wakishazeeka. Watu wote walipumua. Milcah alilia kwa furaha.

Pazia la jikoni likatikisika.

“Sitaki blanketi,” Naliaka alisema.

Makhanu aliuliza kama mama bado ana kinyongo.

“Mkiniondolea mwiko, atanisalimia hata kama amenisikia tu. Atanyoosha mkono gizani. Nitajuaje kama ameniona? Acheni kwanza apone.”

Wazee wakala ingokho, kuku wa wageni, wakaenda.

Ndipo kazi ya Naliaka ilipoanza. Shitanda aliambiwa na daktari atembee kila siku, asubuhi kwenda mpaka kwenye lami na jioni kurudi. Kila asubuhi Naliaka alisimama kwenye uwazi wa geti na kitenge cha manjano, kulia kwa Shitanda. Kila jioni alisimama palepale, kushoto kwa Shitanda. Hakuimba. Hakuangusha kifuniko. Shitanda alipita taratibu, uso umevimba kwa vidonge, akisalimia kwa sauti kila anayemwona mbele, lakini hakumwona Naliaka. Mwezi wa kwanza ukaisha hivyo. Hospitali walimpima kwa mashine yao wakasema kuna matumaini. Naliaka alisema mashine haimjui.

Wiki ya sita, jioni, Shitanda alikwama. Alifika mbele ya geti, akasita, jicho la kushoto likatetemeka kama linalosumbuliwa na nzi. Kisha akapita. Usiku ule Naliaka hakula, na Titus alipomuuliza kama anaumwa alimwambia aende akafikirie mambo yake.

Mwezi wa pili ukaisha. Wa tatu ukaingia katikati. Milcah alianza kuulizia kibanda cha kuuza mboga sokoni. Naliaka alikuwa amechoka magoti kwa kusimama, na moyoni alikuwa amekwisha kuanza kuzungumza na Patroba, akimwambia kwamba safari hii aliona, aliona mapema, na pengine kuona nako hakutoshi.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mvua ilikuwa imenyesha na mtaro umejaa. Shitanda alitoka kwake akiwa na sare ya kazi, kwa sababu alikuwa amesikia msimamizi anapita mjini na alitaka kwenda kumwomba wiki mbili zaidi. Suruali ilikuwa imepigwa pasi ikasimama. Naliaka alikuwa kwenye uwazi wa geti, kitenge cha manjano, kimya, bila kusogea. Shitanda akaja macho mbele. Kichwa hakikugeuka hata kidogo.

Akakohoa mara mbili.

Kisha, kutoka pale alipokuwa, bila kumtazama, akaruka mtaro. Hakufika ng'ambo. Vidonge vilikuwa vimemnenepesha, na nguvu za zamani hazikuwa zimerudi zote. Alitua katikati, maji ya matope mpaka magotini, akashika nepia, akasimama hapo akiwa amempa mama mkwe wake mgongo, kama inavyotakiwa.

Naliaka aligeukia ua wa michongoma. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtazama.

“Pole na suruali,” aliiambia michongoma.



“Asante, mama,” Shitanda aliziambia nepia. “Kitenge ni kizuri.”

Naliaka akaingia ndani, akafunga geti, ili mkwewe apate kutoka.